Mabosi wa kupita, mafundi wa kubaki: miaka 40 ya simu mkoani Kilimanjaro

Mfanyakazi wa siku nyingi havunjiki moyo siku kampuni yake inapotangaza hasara. Huwa amevunjika kitambo, tangu alipogundua kwamba wanaomwongoza hawaijui kazi anayoifanya na wala hawana haja ya kuijua. Tanzania haina kampuni ya teknolojia inayolionesha jambo hili waziwazi kama TTCL, kampuni kongwe ya simu, kwa kuwa misukosuko yake yote inaenea ndani ya umri wa kazi wa mtu mmoja. Kijana aliyeajiriwa Moshi mwaka 1978 akiwa na miaka 20 alikuta Shirika la Posta na Simu likiwa changa, limezaliwa baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Alifikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, mwaka 2018, TTCL ilipoanza kazi kama shirika la umma chini ya sheria mpya ya 2017. Kati ya miaka hiyo miwili alishuhudia posta na simu zikitenganishwa, wageni wakiuziwa hisa, kampuni ya simu za mkononi ikizaliwa ndani ya nyumba kisha ikaondolewa, Wakanada wakipewa usukani, na Serikali ikinunua tena ilichokuwa imeuza.

Kazi aliyoikuta ilikuwa na heshima. Kabla ya 1977 makao makuu ya Posta na Simu ya Jumuiya yalikuwa Kampala, na mafundi wa nchi zote tatu walifundishwa katika chuo cha Mbagathi, nje kidogo ya Nairobi. Waliorudi kutoka huko walikuwa watu wa kuonewa fahari mtaani. Moshi nayo haikuwa kituo cha pembeni. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1911, chama cha ushirika cha KNCU kikaanza mwaka 1933, na mnada wa kahawa ukaufanya mji huo mdogo kuwa mahali ambapo bei ya London au Hamburg ilihitaji kujulikana siku hiyohiyo. Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa mwaka 1971, nayo ikahitaji simu usiku na mchana. Simu ikikatika Moshi, hasara ilionekana kabla ya saa sita mchana.

Mlima wenyewe ulikuwa mtihani. Wachaga hawaishi kwa kurundikana kijijini; kila familia ina kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na nyumba imejificha ndani ya migomba na kahawa. Kumfikishia mteja mmoja simu Kibosho, Machame, Marangu au Rombo kulimaanisha nguzo nyingi na waya mrefu kwa ajili ya nyumba moja, juu ya makorongo, katika miteremko inayopata mvua nyingi kuliko mjini. Masika yakianza, maji huingia kwenye maungio ya waya, na sauti hujaa mikwaruzo hadi mtu asisikike.

Fundi wa laini alizijua laini hizo kwa namna isiyoandikwa popote. Akifungua kabati la mtaani alikutana na mamia ya jozi za waya mwembamba wa shaba, rangi zimefifia, lebo nyingi zimeng'oka. Alichomeka simu yake ya kupimia, akasikiliza, akajua kwa sauti tu kama tatizo ni unyevu, ni tawi lililolalia waya, au ni waya uliokatwa na wezi wa shaba. Alijua ungio lipi lilifungwa kwa haraka mwaka gani na kwa nini. Alijua ni kihamba kipi mbwa hafungwi. Ramani za ofisini zilionesha laini ilivyochorwa mwanzo; yeye alijua ilivyo kweli, baada ya matengenezo ya miaka mingi ya kukwepa, kurefusha na kuazima jozi za jirani.

Ujuzi wa aina hii haujawahi kuingia katika hesabu za kampuni yoyote, na hapo ndipo mzizi wa kuvunjika moyo kwa mfanyakazi mkongwe ulipo. TTCL ilipokadiriwa thamani ili iuzwe, ilikadiriwa majengo, mitambo, madeni na idadi ya laini. Kilichofanya laini hizo ziendelee kuita hakikupewa bei. Anayekitunza kitu miaka 20 kisha akaona kinauzwa bila yeye kuulizwa hata swali moja ana sababu ya kuumia, na kumwambia kwamba anapinga mabadiliko ni kumwonea.

Hofu nayo ilikuwa na historia yake. Wafanyakazi wa Jumuiya iliyovunjika walisubiri makubaliano ya kugawana mali na madeni hadi mwaka 1984, mkataba uliopatikana kwa usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht ulipotiwa saini Arusha. Hata baada ya hapo wastaafu wa Tanzania waliendelea kudai mafao yao, mahakamani na barabarani, hadi miaka ya 2000. Kijana wa 1978 alifanya kazi chini ya wazee waliokuwa katika dai hilo. Alijifunza mapema kwamba taasisi inaweza kufa na mtumishi wake akabaki na vitambulisho na barua tu mkononi.

Mageuzi ya sekta yalianza na sheria ya mawasiliano ya 1993, na Januari 1994 TTCL ikawa kampuni inayojitegemea, posta ikaenda njia yake. Mwaka huohuo Mobitel ikaanzisha simu za mkononi nchini. Mwanzoni zilionekana ni anasa ya matajiri wa Dar es Salaam. Wakati huo mwombaji wa simu ya mezani aliweza kusubiri miaka, na wenye subira fupi walitafuta njia za mkato ambazo kila mtu alizifahamu. Haki inataka jambo hili lisemwe bila kumung'unya maneno: wafanyakazi hao wanaosikitikiwa leo, baadhi yao waliifanya foleni ya simu kuwa mradi. Wateja waliokimbilia simu za mkononi hawakukimbia waya peke yake. Walikimbia pia kaunta.

Mwaka 2000 simu za mezani nchini hazikufika laki mbili. Kufikia 2010 laini za simu za mkononi zilikuwa zimefika milioni 20 hivi. Hakuna uongozi ambao ungeuokoa waya wa shaba na wimbi la namna hiyo. Jirani zetu walipata yaleyale. Uganda Telecom iliuzwa mwaka 2000, baadaye ikaangukia kwa Walibya, na mwaka 2017 ikawekwa chini ya msimamizi wa kisheria. Telkom Kenya ilimzaa Safaricom, mtoto akakua hadi mzazi akawa hatajwi. Suala la uongozi linaanzia mbele kidogo: kampuni ilifanya nini na ile nafasi iliyokuwa nayo kabla wimbi halijafika?

Februari 2001 Serikali iliuza asilimia 35 ya TTCL kwa ubia wa kampuni ya MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, kwa dola milioni 120. Nusu ya fedha ililipwa. Nusu ya pili ikazua mgogoro kuhusu hesabu zilizotumika kupanga bei, na haikulipwa kama ilivyokubaliwa. TTCL ilipewa haki ya kuwa peke yake katika simu za mezani hadi Februari 2005, yaani ililindiwa soko ambalo watu walikuwa wanalihama. Fundi wa Machame hakuhitaji mshauri wa kumweleza hilo. Aliona mwenyewe wateja wanaomwomba aje kung'oa kile walichokisubiri kwa miaka mingi.

Wakati huohuo tumaini la kweli lilizaliwa. Novemba 2001 Celtel ilianza kazi ikiwa kampuni tanzu ya TTCL. Kwa mara ya kwanza kampuni kongwe ilikuwa na simu ya mkononi yake yenyewe, na mfanyakazi aliyekuwa akichekwa na jirani mwenye Mobitel alikuwa na kitu cha kumjibu. Miaka minne tu baadaye, mwaka 2005, Celtel ikatenganishwa na TTCL. Serikali ikabaki na asilimia 40 ya hisa zake, mwekezaji akachukua 60, na TTCL yenyewe haikubaki na kitu. Ilirudishwa kwenye waya, ikaambiwa ishindane.

Kwa waliokuwa ndani, hili ndilo jeraha ambalo halikupona. Hasara ya kushindwa na mpinzani humuuma mfanyakazi, lakini anaielewa. Kuondolewa kwa chombo pekee kilichokuwa kinakua, kwa uamuzi wa watu ambao baada ya muda mfupi wangekuwa wamehamia kwingine, ni jambo jingine kabisa. Celtel ikawa Zain, na mwaka 2010 Zain ya Afrika ikauzwa kwa Bharti Airtel ya India kwa dola bilioni 10.7. Kila kibao kilipobadilishwa barabarani Moshi, mfanyakazi wa TTCL alisoma upya habari ileile. Desemba 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba Airtel Tanzania ni mali ya TTCL na akaagiza umiliki wake uchunguzwe. Mazungumzo yakaishia Januari 2019 kwa makubaliano ya kuongeza hisa za Serikali kutoka asilimia 40 hadi 49. Hazina ilipata. Wafanyakazi walioisema hoja hiyo tangu 2005 walisikia hatimaye ikitoka kwenye jukwaa kubwa, wakati wengi wao walikuwa wamestaafu au kupunguzwa kazini.

Baada ya Celtel kuondoka, SaskTel ya Saskatchewan, Kanada, ilipewa mkataba wa miaka mitatu wa kuiendesha TTCL kuanzia 2007. Iliondoka kabla muda haujaisha. Mkataba wa usimamizi una kasoro ya kimaumbile: anayeendesha hana mtaji wake ndani, na mwenye mali hana fedha za kutekeleza mipango anayoandikiwa. TTCL ilihitaji mtambo, gari na waya, ikapata mipango. Jambo la kuongezwa hapa, kwa kuwa mara nyingi husahaulika, ni kwamba taasisi za umma zilikuwa miongoni mwa wadaiwa sugu wa kampuni hii. Ofisi iliyotumia simu bila kulipa bili iliitegemea kampuni hiyohiyo ipeleke fundi siku laini ikikatika. Fundi alipokwenda, ndiye aliyepokea lawama za ucheleweshaji. Hakuwa na mamlaka ya kudai deni.

Mchumi Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kitabu kuhusu yanayotokea taasisi inapoanza kuoza, na wazo lilimjia akitazama reli ya Nigeria ikishindwa na malori. Alishangaa kwa nini ushindani haukuiamsha reli ile. Jibu lake lilikuwa kwamba wateja wenye ukali, ambao wangepiga kelele hadi mambo yarekebishwe, ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia kwenye malori, na reli ikabaki na watu wasioweza kuisumbua. Jambo hilohilo hutokea kwa wafanyakazi. Wahandisi vijana wa TTCL waliokuwa na uthubutu wa kumbishia meneja ndio waliochukuliwa na Vodacom, Celtel na Tigo. Waliobaki walikuwa na watoto shuleni, mkopo wa kumalizia, nyumba Kibosho na miaka ya mafao ambayo hawakuweza kuitupa. Walijua yote yaliyokuwa yanaharibika, na hawakuwa na pa kwenda. Chama chao cha wafanyakazi, TEWUTA, kilikuwa mdomo wao, lakini chama kinachotetea ajira zilizobaki huwa na nguvu chache za kujadili teknolojia.

Ukimya wa namna hii una gharama kwa viongozi wenyewe. Quy Huy na Timo Vuori waliochunguza kuanguka kwa Nokia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walikuta kwamba mameneja wa kati waliogopa kuwapelekea wakubwa taarifa mbaya, na wakubwa wakaendelea kuamini kwamba programu yao ya simu ingeweza kushindana na iPhone. Wahandisi walijua hapana. Nchini Ufaransa mambo yalifika pabaya zaidi. France Télécom, iliyokuwa ya umma, iliamua kupunguza watu 22,000 miongoni mwa 120,000 hivi. Wengi walikuwa na ajira ya utumishi wa umma isiyovunjika kirahisi, hivyo wakasukumwa waondoke wenyewe kwa kuhamishwahamishwa na kupewa kazi zisizo na maana. Wafanyakazi kadhaa walijiua. Desemba 2019 mahakama ya Paris ilimtia hatiani aliyekuwa mkuu wa kampuni, Didier Lombard, pamoja na wenzake, kwa kosa la unyanyasaji kazini uliofanywa kuwa sera. Hukumu ile ilikubali jambo ambalo wafanyakazi wa kawaida hulijua siku nyingi: uongozi unaweza kumuumiza mtu bila kumpiga wala kumtukana, kwa kumfanya asihitajike mbele ya kazi aliyoijenga.

TTCL haikufika huko, na kwa miaka kadhaa ilionekana kunyanyuka. Mwaka 2009 ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kwa mkopo wa China, na TTCL ikakabidhiwa kuuendesha. Mwaka 2016 Serikali iliilipa Airtel shilingi bilioni 14.9 kununua tena zile asilimia 35 zilizouzwa 2001, ambazo Airtel ilizirithi ilipoinunua Zain, kisha ikaja sheria ya 2017 na gawio kwa Serikali. Leo kampuni shindani zinanunua njia kwenye mkongo unaosimamiwa na TTCL, kiasi kwamba mteja anayelipia laini ya kampuni nyingine Moshi anaweza kuwa anapitisha maneno yake kwenye nyuzi za TTCL bila kujua. Hata hivyo, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeendelea kulitaja shirika hili miongoni mwa mashirika ya umma yanayopata hasara.

Agosti 2022 TTCL ilizindua intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari kwenye njia ya Marangu, na kabla ya mwaka kuisha huduma ikatangazwa kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ilikuwa kazi ya kiufundi ya kupongezwa. Mpagazi akizidiwa na ugonjwa wa mwinuko, dakika zinazookolewa na mawasiliano ni uhai wake. Mgeni anayetuma picha akiwa kileleni anaitangaza nchi. Habari ilisambaa duniani ndani ya siku chache, na waziri mwenye dhamana, Nape Nnauye, alikuwa mstari wa mbele.

Mfanyakazi mkongwe akiitazama sherehe ile anauliza swali ambalo hakuna jukwaa linalompa nafasi ya kuliuliza: nani atapanda kuitengeneza? Baridi ya Horombo hugandisha maji usiku, mvua ya msituni ni ya miezi, na kila kifaa kilichofungwa juu kitahitaji mtu aliyelipwa, mwenye viatu, gari na vipuri. Wachaga wana uzoefu mrefu wa jambo hili katika mifereji yao ya asili: aliyechimba mfereji hubaki na jina, lakini maji yanafika kihambani kwa sababu ya wanaotoka kila msimu kuuzibua, na ukoo usiotoa watu hukosa zamu. Katika kampuni za simu uzinduzi una bajeti, tarehe na utepe. Matengenezo hupata kilichobaki, na kilichobaki hukatwa kwanza robo ya mwaka ikiwa mbaya. Uongozi unaopimwa kwa uzinduzi utazindua, na haitashangaza mtu kwamba laini za zamani za miteremkoni zilikufa moja baada ya nyingine bila mtu kutangaza kifo chake. Moshi bado yapo mabango yaliyochorwa ukutani yenye namba za 055, msimbo uliokwisha kutumika tangu ulipobadilishwa kuwa 027. Nyingi ya namba hizo haziiti popote.

Tanzania imewahi kujaribu kuwapa wafanyakazi sauti katika uendeshaji. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukakemea ubwana wa viongozi kwa wanaowaongoza. Wafanyakazi waliuchukulia Mwongozo kwa uzito kuliko ilivyotarajiwa, wakagoma na hata kuwafungia nje mameneja, na mamlaka zikaanza kuwarudisha kwenye mstari. Mabaraza yalibaki. Hadi leo taasisi za umma huitisha Baraza la Wafanyakazi kupitia bajeti na mipango ya mwaka, mgeni rasmi akafungua, wajumbe wakatoa ushauri. Ushauri huo haumfungi mtu.

Nchini Ujerumani hali ni tofauti, na kwa TTCL mfano huo uko karibu kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya huko ya 1976 inataka kampuni kubwa ziwape wawakilishi wa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi ya usimamizi. Deutsche Telekom ina wajumbe 20, kumi wakitoka upande wa wafanyakazi. Detecon, iliyoingia TTCL mwaka 2001, ni kampuni tanzu ya Deutsche Telekom. Ilileta Tanzania mtaji wake na mbinu zake za biashara, na utaratibu wa bodi ukaachwa nyumbani. Hakuna aliyeuomba. Serikali ilipoandika sheria ya TTCL mwaka 2017, ikiwa mmiliki pekee na mikono yake ikiwa huru, ilikuwa na nafasi ya kuweka wawakilishi wa mafundi kwenye meza ambako uzinduzi na matengenezo hugawiwa fedha. Sheria inaweza kurekebishwa, na hilo halihitaji mkopo wala mwekezaji.